Alama za CRE Hazitoshi: Namna ya Kupima Shule ya Wasichana ya Kikatoliki

Shule ya sekondari ya wasichana iliyo chini ya udhamini wa Kanisa Katoliki hubeba kazi mbili za dini kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni somo la Elimu ya Dini ya Kikristo, ambalo walimu na wanafunzi huliita CRE, lenye mtaala, vitabu na mtihani wa taifa. Ya pili ni mwenendo wa shule nzima: jinsi watu wanavyosali, wanavyosemezana, wanavyoadhibu, wanavyosamehe na wanavyogawana kidogo kilichopo. Kazi ya kwanza hupimwa kila mwaka na Baraza la Mitihani la Kenya. Ya pili hupimwa kwa nadra, ingawa ndiyo iliyolifanya Kanisa lijenge shule. Katika ukanda wa Gede, Watamu na Malindi, kaunti ya Kilifi, upungufu huo una uzito wa pekee. Wasichana wanaokaa dawati moja hutoka katika imani tofauti, na wengi wao hukutana kijijini na maswali magumu ambayo orodha ya kukariri haiwezi kuyajibu.

Wanaoketi darasani

Gede iko kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, kilomita zipatazo 16 kusini mwa mji wa Malindi, ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Magofu yake ni ya mji wa Waswahili ulioanza karne ya 12 na kuhamwa karne ya 17, wenye Msikiti Mkuu, misikiti midogo, visima na makaburi ya mawe. UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Uislamu, basi, ulikuwa na mizizi hapa karne kadhaa kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi mwaka 1498. Mwaka 1542 mmisionari Fransisko Ksaveri alipita Malindi akielekea Goa, na kanisa dogo la Wareno lingali mjini hadi leo. Wagiriama, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, ambao ndio wengi vijijini, wana urithi wao wa imani katika Mulungu, heshima kwa koma, yaani roho za wahenga, na utaratibu wa Kaya. Misitu ya Kaya za Wamijikenda iliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2008.

Jimbo Katoliki la Malindi ni changa ukilinganisha na historia hiyo. Lilianzishwa tarehe 2 Juni 2000 kwa kumega maeneo ya Jimbo Kuu la Mombasa na Jimbo la Garissa. Maaskofu wake wawili wa kwanza, Francis Baldacchino na Emanuel Barbara, walikuwa Wakapuchini kutoka Malta. Tangu mwaka 2021 linaongozwa na Askofu Willybard Lagho, ambaye alijulikana Mombasa kwa kazi ya mazungumzo baina ya viongozi wa dini.

Kwa hali hiyo, shule ya Kikatoliki ya ukanda huu haiwezi kuwa shule ya Wakatoliki peke yao. Darasa moja hukusanya Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste, Waislamu, na wasichana ambao nyumbani kwao mzee wa Kaya bado huombwa ushauri. Tathmini inayomhesabu Mkatoliki peke yake huacha nje sehemu kubwa ya shule.

Haki ya kukagua

Enzi za ukoloni shule nyingi za misheni zilisimamiwa na makanisa moja kwa moja. Tume ya Elimu iliyoongozwa na Simeon Ominde mwaka 1964 ilitaka dini ifundishwe kama somo lenye hadhi ya kitaaluma sawa na masomo mengine, na shule za umma zisiwe chombo cha dhehebu lolote. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilipoundwa mwaka 1967, uajiri wa walimu ulihamia huko. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ikalitoa Kanisa katika nafasi ya meneja na kuliweka katika nafasi ya mdhamini.

Sheria inayotumika sasa ni ile ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Kifungu cha 27 kinamruhusu mdhamini kutoa mapendekezo kuhusu mtaala na vitabu, kuwa na wawakilishi katika bodi, kusimamia na kushauri juu ya makuzi ya kiroho, kuteua makasisi walezi kwa gharama yake mwenyewe, na kuchangia fedha na majengo. Kifungu hichohicho kinamtaka alinde imani ya wale wasio wa dhehebu lake. Katika Bodi ya Usimamizi ya shule, mdhamini ana viti vitatu. Upande wa Kanisa, Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 806, humpa askofu haki ya kuziangalia na kuzitembelea shule Katoliki zilizo jimboni mwake. Juu ya yote, Katiba ya mwaka 2010 inasema katika kifungu cha 8 kwamba taifa halina dini rasmi, na katika kifungu cha 32 kwamba mtu hatalazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani yake.

Mgawanyo huo una matokeo makubwa. Maafisa wa Wizara ya Elimu hukagua ufundishaji, TSC humwajibisha mwalimu, na jimbo hubaki na makuzi ya kiroho. Katika shule ya umma, mdhamini hana tena kalamu ya kuajiri wala ya kufuta kazi. Kilichobaki mkononi mwake ni kuona vizuri na kusema kweli, na tathmini ndiyo njia ya kufanya yote mawili.

Somo lenyewe

Mtaala wa CRE wa shule za sekondari chini ya mfumo wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa mwisho wa taifa, KCSE, ni wa mwaka 2027, ni mpana. Unaanza na uumbaji, Abrahamu, agano la Sinai, Daudi na Sulemani, na Eliya, pamoja na maadili ya jamii za Kiafrika. Unapita katika Injili ya Luka, vipaji vya Roho Mtakatifu, na manabii Amosi na Yeremia pamoja na kiongozi Nehemia. Unamalizia na maadili ya Kikristo: jinsia na ndoa, kazi, mapumziko, mali na umaskini, sheria na haki, sayansi na mazingira. Mtihani una karatasi mbili, na katika kila moja mtahiniwa huchagua maswali matano kati ya sita. Mengi hutaka aorodheshe hoja kadhaa, na mwalimu anayeshindania wastani wa shule huwazoesha wasichana orodha hizo mpaka ziwatoke bila kufikiri.

Alama nzuri si jambo la kudharauliwa. Zinaonyesha kwamba mwalimu alimaliza mtaala na msichana alisoma. Hata hivyo, mkaguzi anayeishia kwenye alama hajui bado kama somo limefika moyoni na kichwani. Anapaswa kukaa nyuma ya darasa kwa kipindi kizima cha dakika 40, kufungua madaftari, na kusikiliza maswali yanayoulizwa na wasichana wenyewe. Darasa ambalo hakuna msichana anayethubutu kuuliza ni dalili mbaya, hata kama lina wastani wa juu.

Mtaala wenyewe unampa mwalimu wa Gede nafasi nyingi. Nehemia aliwakemea wakuu waliowatoza ndugu zao riba mpaka wakaweka rehani mashamba yao na watoto wao. Habari hiyo inawagusa moja kwa moja watu wa pwani, ambako maelfu ya familia wanaishi kama maskwota na mashamba ya ukoo huuzwa kwa shida. Injili ya Luka inawataja Elisabeti, Maria, mjane wa Naini, Martha na dada yake, na mjane aliyemsumbua hakimu hadi akapata haki yake. Katika shule ya wasichana, kuwapita wanawake hao haraka ni kupoteza hazina. Mada ya maadili ya Kiafrika inafungua mjadala kuhusu wazee wanaouawa kaunti ya Kilifi kwa tuhuma za uchawi. Mada ya jinsia na ndoa inahusu mimba za utotoni, disko matanga, yaani disko za usiku penye msiba, na watalii wanaowanunua wasichana wadogo Malindi na Watamu. Mada ya mazingira ina msitu wa Arabuko-Sokoke upande mmoja na mikoko ya hori la Mida upande wa pili.

Jaribio kubwa kuliko yote liliikuta kaunti hii mwezi Aprili 2023. Katika msitu wa Shakahola makaburi yalianza kufukuliwa, na miili zaidi ya 400 ikatolewa. Kwa mujibu wa wachunguzi, waumini walikuwa wameambiwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, na watoto walikuwa wametolewa shuleni. Mada ya manabii wa kweli na manabii wa uongo imo katika mtaala wa CRE. Swali la tathmini ni kama msichana wa kidato cha nne anaweza kuyatumia aliyoyasoma kwa Yeremia kumhoji mhubiri aliye hai, mwenye sauti kubwa na wafuasi wengi. Msichana anayeorodhesha sifa saba za nabii wa uongo kisha akashindwa kumtambua mmoja kijijini kwake hajafundishwa vya kutosha.

Kanisa lenyewe limeweka mpaka unaosaidia hapa. Hati ya Vatikano ya mwaka 1988 kuhusu sura ya dini katika elimu ya shule Katoliki inatofautisha mafundisho ya dini darasani na katekesi. Katekesi humkuza muumini katika imani aliyoipokea. Somo la darasani hutoa maarifa ya imani hiyo kwa wote, wakiwemo wasioiamini. Mwalimu wa CRE asipimwe kwa idadi ya waliobatizwa, na padri mlezi asipimwe kwa alama za KCSE.

Ibada na dhamiri

Maisha ya sala shuleni yana sehemu kadhaa: sala ya gwaride la asubuhi, Misa, mafungo, kipindi cha kila wiki cha mafundisho ya kiroho kiitwacho PPI, na vyama kama Wanafunzi Vijana Wakristo, YCS, na Lejio ya Maria. Njia rahisi ya kuvipima ni kuhesabu waliohudhuria. Kipimo hicho ni cha kale Malindi. Fransisko Ksaveri aliandika kwamba mwaka 1542 Mwislamu mmoja mwenye heshima mjini alimuuliza kama Wakristo huenda kusali kwa bidii, maana kwao Malindi ibada ilikuwa imepungua hata kati ya misikiti 17 ni mitatu tu iliyokuwa ikipata watu. Mzee huyo alitambua kwamba majengo hayathibitishi imani. Katika shule ya bweni hata mahudhurio hayathibitishi, kwa sababu kengele humpeleka kila mtu kanisani. Kinachofaa kuangaliwa ni nafasi ya wasichana ndani ya ibada: nani huchagua nyimbo, nani husoma, nani hutunga maombi ya waamini, na kama YCS hukutana hata padri asipokuwepo.

Kipindi cha PPI ndicho huibiwa mara nyingi. Mtihani unapokaribia, Hisabati au Kemia hukichukua, na bodi haipati habari. Mkaguzi ana wajibu wa kulinganisha ratiba iliyobandikwa ukutani na kile kilichofanyika kweli katika muhula.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni msichana Mwislamu. Kesi iliyoanzia shule ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, ambayo mdhamini wake ni Kanisa la Methodisti, ilionyesha ugumu wake. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliruhusu wasichana wavae hijabu. Mwezi Januari 2019 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo kwa misingi ya utaratibu wa kesi, suala lenyewe likabaki bila jibu la mwisho. Shule ya ukanda wa Gede haina sababu ya kungoja mahakama. Inaweza kuulizwa maswali ya wazi: msichana Mwislamu ana mahali pa kuswali? Mwezi wa Ramadhani jiko humwandalia daku na futari? Wakati wa Misa hupewa jambo la maana la kufanya, au huadhibiwa kwa kutohudhuria? Analo somo la dini yake, na mwalimu wa kumfundisha? Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu elimu, la tarehe 28 Oktoba 1965, lilisema shule Katoliki ijulikane kwa roho ya Injili, yenye uhuru na upendo. Msichana asiye Mkatoliki ndiye shahidi bora wa kueleza kama roho hiyo ipo.

Mwenendo wa kila siku

Mwenendo wa shule huonekana pale ambapo hakuna anayefundisha dini. Huonekana kwanza katika adhabu. Viboko vilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ikarudia katazo hilo. Shule inayotundika msalaba katika kila darasa huku mwalimu akitembea na fimbo inajikana yenyewe. Vivyo hivyo matusi, kumwaibisha msichana gwarideni, na viranja wanaowatumikisha wadogo bwenini.

Huonekana pia katika karo. Kila muhula wapo wasichana wanaorudishwa nyumbani kwa sababu ya deni. Jinsi majina yao yanavyosomwa, kwa siri au hadharani, na kama kuna mfuko wa kuwasaidia, ni habari ya kiroho kama ilivyo habari ya kihasibu. Sodo zinahesabiwa hapohapo. Sheria ya mwaka 2017 inaitaka serikali iwape bure wasichana wa shule za umma, lakini zikichelewa, shule yenye moyo haingoji.

Huonekana zaidi katika kumpokea msichana aliyejifungua. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini, asilimia 15 walikuwa wamewahi kupata mimba. Mwaka 2014 ilikuwa asilimia 18. Kilifi imetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa kaunti zenye tatizo hilo. Mwongozo wa serikali wa kuwarejesha shuleni uliwekwa mwaka 1994 na ukatolewa upya mwaka 2020. Baadhi ya wazazi na walimu huona aibu kwa jina la shule, na huogopa kwamba kumpokea ni kuhalalisha kosa. Hofu hiyo ipewe jibu la staha: Injili ya Luka inayofundishwa darasani ina mwanamke mwenye dhambi aliyepokelewa na Yesu mbele ya mwenyeji aliyemdharau. Shule inayoifundisha habari hiyo na kumfungia lango msichana wake imefeli CRE yenyewe, hata kama wanafunzi wake wote wamepata A.

Usalama wa mwili ni sehemu ya mwenendo huo. Tathmini ya kweli huuliza kama msichana anajua amwendee nani akiguswa vibaya na mwalimu, mfanyakazi au padri, na kama anaamini kwamba atasikilizwa. Jibu la maswali hayo lina uzito kuliko idadi ya rozari zilizosaliwa.

Ukaguzi unavyoweza kufanywa

Uingereza ina mfano wa kujifunza. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Elimu ya mwaka 2005 kinataka shule za dini zinazogharamiwa na serikali zikaguliwe upande wa dini, mbali na ukaguzi wa kawaida. Tangu mwaka 2022 shule Katoliki za England na Wales zina chombo kimoja cha ukaguzi kinachopima mambo matatu: maisha na utume wa Kikatoliki, elimu ya dini, na ibada ya pamoja. Kila jambo hupewa daraja la 1 hadi la 4, na ripoti husomwa na yeyote. Mgawanyo huo unafaa pwani ya Kenya, mradi liongezwe jambo la nne, yaani jinsi shule inavyoishi na wasio wa dini yake.

Kazi huanza na shule kujipima yenyewe. Mwalimu mkuu, padri mlezi, walimu na wawakilishi wa wasichana huandika wanachokiona kuwa kizuri na kinachopungua. Kisha wakaguzi wachache walioteuliwa na ofisi ya elimu ya jimbo hufika kwa siku kadhaa. Miongoni mwao awemo mwanamke aliyezoea kuongea na wasichana, na ni busara awemo mtu mmoja kutoka jimbo jingine, asiyefahamiana na yeyote shuleni. Husoma kumbukumbu za bodi, daftari la adhabu na ratiba. Hukaa darasani, gwarideni, kanisani na katika chumba cha kulia. Huongea na wapishi na walinzi, ambao huona mengi, na pia na wazazi kwa lugha wanayoielewa, Kigiriama ikibidi.

Wasichana husikilizwa katika vikundi vidogo bila mwalimu kuwepo. Dodoso lisilo na jina husaidia yule asiyeweza kusema mbele ya wenzake. Hakuna jina la msichana linaloingia katika ripoti. Akifichua madhara, jambo hilo hutolewa nje ya ukaguzi na kupelekwa siku hiyohiyo kwa wanaohusika na ulinzi wa watoto.

Waliomaliza shule wasisahauliwe, kwa sababu malezi hudhihirika baada ya miaka. Wangari Maathai, aliyesoma kwa masista katika shule ya Mtakatifu Sesilia, Mathari, Nyeri, na baadaye Loreto Limuru, alieleza katika kitabu chake Unbowed cha mwaka 2006 jinsi masista walivyomjenga katika moyo wa kutumikia. Alikuwa amepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Hakuna mtihani wa kidato cha nne ambao ungeweza kuonyesha hilo alipokuwa bwenini.

Ripoti na hatua

Ripoti iliyofungiwa kabatini haimsaidii yeyote. Muhtasari wake usomwe kwa bodi, walimu, wazazi na wasichana, kwa Kiswahili chepesi. Iwe na mapendekezo machache, kila moja likiwa na mtu wa kulitekeleza na tarehe. Jimbo nalo lihesabiwe. Kama shule haina padri mlezi, au anafika mara moja kwa muhula, upungufu huo ni wa mdhamini, maana sheria imemwachia gharama ya kumweka.

Mfumo mpya wa elimu unaifanya kazi hii iwe ya haraka. Mwezi Januari 2026 darasa la kwanza la shule ya upili lilianza gredi ya 10 chini ya mtaala wa umilisi. Elimu ya dini sasa ni somo la hiari katika mkondo wa sayansi za jamii, na msichana wa mkondo wa sayansi na teknolojia anaweza kumaliza miaka mitatu bila kuisoma darasani. Huduma kwa jamii, kwa upande mwingine, imekuwa somo la lazima. Kwa shule ya Kikatoliki hali hiyo ina maana mbili. Kipindi cha PPI, ibada na malezi ya bwenini vitabeba mzigo ambao zamani ulibebwa na CRE, kwa hiyo visiporekebishwa wengi watatoka mikono mitupu. Na huduma kwa wazee wanaotishiwa, kwa mikoko ya Mida au kwa watoto wa zahanati inaweza kuwa mahali ambapo Mkatoliki, Mwislamu na binti wa Kaya wanatenda kwa pamoja kile ambacho imani ya kila mmoja inamwagiza. Jimbo litakaloweka vipimo vyake mapema, likaviafiki pamoja na bodi, wazazi na wasichana wenyewe, litakuwa na la kusema kuhusu shule zake hata pale alama za CRE zitakapokuwa za wachache.